Ukurasa wa Sitini na Tatu

4 Februari

Mjukuu wangu Kasuku,

Marahaba, maana najua ungeniamkia. Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Mimi mzima. Goti la kushoto linadai haki yake kila asubuhi, nimeshalizoea kama mpangaji mkorofi. Masikio ndiyo yamestaafu, kwa hiyo acha kunipigia simu. Nasikia "Bibi, Bibi", halafu upepo. Niandikie. Wewe je? Kile kikohozi kimekuacha? Unakula, au unashindia chai na vitabu?

Makaratasi yako uliyonitumia nimeyasoma. Yote. Siku tano, kidole kwenye mstari, maana darasa la nne nililimaliza kwa heshima, sikufukuzwa na mtu. Ulipozungumzia udongo nilielewa. Ulipoacha kuzungumzia udongo sikuelewa, na nadhani hata wewe hukuelewa. "Uhawilishaji wa maarifa" ni mdudu gani? Sema mama alimfundisha binti, watu wakapumzike.

Na hiyo orodha ya mwisho! Watu arobaini na mmoja, nimewahesabu, kila mmoja na mkato wake na nukta yake na mwaka wake kwenye mabano. Wengine umewalaza herufi upande kama wagonjwa. Mtu akiandika kitabu anapewa kitanda?

Jambo moja. Ukurasa wa nane umeweka picha yangu nimeshika mtungi, na chini umeandika kwamba mimi ndiye mfinyanzi wa kwanza kuchanganya unga wa vigae vya vyungu kwenye udongo wa mtoni, ili chungu kisipasuke motoni. Hapo paondoe. Kwenye picha nimefumba jicho moja, natisha watoto. Toa picha na maneno yake yote. Mambo ya zamani hayo, hayana faida kwa mtu.

Ni mimi Bibi yako,
aliyekufundisha kushika penseli kabla ya huyo mwalimu wako

*

15 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limepunguza madai. Kikohozi kimeondoka, na ninakula, niamini.

Umenichekesha na wagonjwa. Wale waliolazwa ni majina ya vitabu, Bibi. Jarida lina kanuni zake. Mhariri alinirudishia mswada umejaa wino mwekundu, si kwa sababu ya hoja, ni kwa sababu ya nukta. Hapa pana mkato badala ya nukta, pale mwaka uko mahali pasipo pake. Kila ninachosema lazima nioneshe nimekitoa kwa nani, lini, ukurasa gani. Nisipoonesha, wanasema nimezua au nimeiba.

Picha siwezi kuitoa. Maneno yale ndiyo uti wa mgongo wa makala yote: kwamba ufundi ule haukutoka shuleni wala ng'ambo, ulitoka kwenye mikono ya mwanamke mmoja, na mwanamke huyo ni wewe. Nimeyatoa kwenye kitabu cha yule mtafiti mliyemwita Bwana Daftari, aliyekuja kwenu miaka ile na miwani yake. Ila nilinukuu kwa kumbukumbu, sina namba ya ukurasa. Nakala ya maktaba yetu imepotea. Kilichobaki karibu nami ni hicho cha kwenye sanduku lako.

Nifungulie, Bibi, nitafutie ukurasa tu. Ninatakiwa kurudisha mswada kabla ya tarehe 30 Aprili. Makala yasipochapishwa kabla ya mwezi wa saba, chuo hakitaniongezea mkataba wa kufundisha. Ndivyo ilivyo. Namba moja tu.

Mjukuu wako

*

1 Machi

Kasuku,

Mimi sijambo, mvua zimeanza, paa linavuja pale pale.

Kitabu kimeliwa na mchwa. Pole.

Kama huyo mhariri wako anajua kuhesabu nukta, na ahesabu mwenyewe. Na makala ni ndefu mno. Toa hicho kipande cha vigae, itapumua.

Bibi yako

*

9 Machi

Shikamoo Bibi,

Pole kwa paa. Nimemwomba mjomba aje alitazame.

Bibi, mwezi Desemba nilikifuta vumbi kitabu hicho kwa mkono wangu. Kilikuwa kizima, kimefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Mchwa gani hao wanakula kitabu na kuacha kitambaa? Hukuniambia uongo hata nilipokuwa mdogo, ulinipiga tu. Nitumie namba, tafadhali. Siku zinakwenda.

Mjukuu wako anayekuheshimu

*

20 Machi

Ukurasa wa 88.

Bibi

*

8 Aprili

Shikamoo Bibi,

Sijui nianzeje. Sijambo, hilo limetosha.

Nilijaza 88, nikatuma. Jana mhariri alinijibu. Wamekiazima kitabu kutoka chuo kingine, wakafungua ukurasa wa 88. Unazungumzia kuni. Kuni, Bibi! Jinsi ya kupanga kuni na wapi pa kuweka kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ameandika pembeni, kwa adabu inayokata: "Mwandishi athibitishe kwamba amekisoma chanzo hiki." Sasa wanapitia rejea zangu zote moja baada ya nyingine, wakiniona mzushi.

Wewe unakijua kitabu kile ukurasa kwa ukurasa. Ulikuwa ukitusomea. Kwa hiyo hukukosea. Umenipa namba ya uongo kwa makusudi, na sielewi kwa nini. Nina wiki tatu. Sikuandikii kwa hasira, ingawa hasira ipo. Nakuuliza kama mtu mzima kwa mtu mzima: kuna nini kwenye ukurasa huo?

Mjukuu wako

*

14 Aprili

Mjukuu wangu,

Leo sina salamu ndefu. Kaa chini usome, na usinikatize kama ulivyozoea.

Ukurasa ni wa 63. Nusu yake ya chini. Maneno uliyoyanukuu yapo, umeyakumbuka vizuri, kichwa chako hakina kasoro. Kasoro iko kwenye maneno yenyewe.

Si mimi. Ni Dada.

Nyinyi watoto mliambiwa mimi na Bibi yenu Mkubwa hatusemezani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Shamba gani? Baba hakuacha shamba la kugombaniwa hata na kuku. Sikiliza. Dada ndiye aliyekuwa na mikono. Mimi nilikuwa nafinyanga vyungu vya kuuza, yeye alikuwa akiwaza. Alihangaika misimu mitatu na udongo wa mtoni, ule mweusi unaopasuka, mpaka akaupatia dawa. Mimi nilikuwa nikimtwangia vigae, basi. Mtwangaji.

Mwaka aliokuja Bwana Daftari, Dada alikuwa hospitali, siku kumi na moja, uzazi ulikuwa mgumu. Mimi nikabaki kwake kuangalia mitungi yake iliyokuwa imetoka motoni. Mtu yule akatokea na daftari, akaigonga mitungi kwa kidole, akasikiliza, akauliza, "Nani alianzisha jambo hili?" Nikasema, "Mimi."

Sikupanga. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali akiwa ameshika kalamu. Nikaona kalamu inanisubiri, nikasema mimi. Angeondoka siku ile ningejisahihisha kesho yake. Akakaa siku tatu, akanipiga picha, na kila siku neno lile likazidi kukauka, na udongo ukishakauka huwezi kuukunja tena, utauvunja.

Dada akarudi kutoka hospitali mikono mitupu. Mtoto hakuishi. Nitamwambiaje wakati ule? Nikanyamaza. Mwaka wa pili kitabu kikaja, nakala moja kwangu na moja shuleni. Binti yake, huyu ambaye sasa ni mwalimu, akakisoma darasani, akaja nyumbani anaruka, "Mama, mama mdogo kaandikwa!" Akamsomea yote. Dada akasikiliza mpaka mwisho.

Jioni ile alikuja uani kwangu. Nilikuwa nimeanika vyungu ishirini na vitatu. Nikasema moyoni, leo atavivunja vyote. Hakukigusa hata kimoja. Alitoa kokoto lake la kusugulia vyungu, lile laini kama yai alilorithi kwa mama, akaliweka chini mbele yangu. Akasema, "Chukua na hili." Hakufinyanga tena. Miaka thelathini na moja. Mwanamke aliyekuwa na mikono ile amekuwa akinunua vyungu sokoni, na vingine vilikuwa vyangu.

Sasa wewe unataka kuliandika tena, kwenye jarida, kwa nukta na mkato vilivyonyooka. Nilitaka usiandike, na sikutaka ujue. Vyote viwili sikuvipata. Umesema asiyeonesha alikotoa kitu ni mwizi. Basi umemjua mmoja.

Usiniandikie upesi.

Bibi yako

*

18 Aprili

Shikamoo Bibi,

Umesema nisiandike upesi. Nimejaribu.

Nilikasirika, sitakudanganya. Kisha nikalia, kisha nikafungua mswada nikaona siwezi kubadilisha sentensi moja tu. Kila ukurasa unakuegemea wewe. Nikikutoa, nyumba inaanguka. Nikikuacha, nimejua na bado nimesema uongo, na sasa uongo una namba ya ukurasa.

Mtu mmoja tu anaweza kunipa maneno ya kweli, na yuko hai, mitaa miwili kutoka kwako. Siwezi kwenda kumgongea mlango kabla yako. Si mimi wa kuufungua mlango huo. Nenda, Bibi. Nimeshamwandikia mhariri kuomba muda. Akikataa, amekataa.

Mjukuu wako

*

26 Aprili

Kasuku,

Nimekwenda. Nilifika nikarudi mara mbili, mara ya tatu mvua ikanisukuma.

Binti yake alinifungulia, akashika mdomo. Dada yuko kwenye kiti karibu na dirisha. Macho yameingia ukungu, haoni ila mwanga. Amekuwa mdogo, mjukuu wangu. Alikuwa mrefu kunishinda. Kwa kuwa sisikii vizuri alilazimika kusema kwa sauti, na mimi nikajibu kwa sauti, kwa hiyo majirani wote wana habari.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Neno hilo ulilipenda sana."

"Mdogo wako."

"Nilikuwa naye mmoja. Umefuata nini?"

Nikamwambia yote, habari zako, jarida, mhariri, ukurasa. Akauliza, "Kitabu umekuja nacho?" Nikasema ninacho. "Mimi niko wapi humo?"

"Hupo, Dada."

"Basi nisomee hapo nisipokuwemo."

Nikasoma ukurasa wa 63. Unajua ninavyosoma, kidole kwenye mstari. Nusu ukurasa, jina langu mara tatu. Mara ya tatu kidole kikakwama. Akasema, "Endelea. Aliyeandika hakukwama." Nikaendelea. Kulikuwa na ile sehemu inayosema vigae vya chungu chochote kilichovunjika vinafaa. Hapo akacheka, kicheko kibaya.

"Ndivyo ulivyomwambia?"

"Ndivyo."

"Ni vigae vya chungu kilichoungua kupita kiasi tu. Vile vyeusi, nilivyokuwa nakuwekea pembeni. Hukuona nilikuwa navichagua? Ndiyo maana mitungi yako ikigongwa inakohoa. Ulisema mimi kabla hujamaliza kujifunza."

Mjukuu wangu, nimefinyanga miaka thelathini na moja nikidhani udongo ndio umeharibika.

Nikamwomba radhi. Nilipiga magoti, na goti hili unalijua. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mtoto aje. Nitamwambia kila kitu, udongo na moto. Lakini wewe usiwemo. Picha itoke, jina litoke, hata kwenye asante za mwanzo. Nimekaa nje ya kitabu chako, na wewe kaa nje ya hiki, uone jua lake."

Nimekubali kwa niaba yako. Njoo na hicho kinasa sauti chako. Usipite kwangu kwanza, utamkasirisha. Usipite baadaye pia. Nitakuona siku nyingine.

Na unitoe. Usiniachie hata kivuli kwenye kona, nakujua una huruma za kijinga. Toa.

Bibi yako

*

2 Juni

Shikamoo Bibi,

Natumaini u mzima. Nilipita barabara ya nyuma ili nisilione dirisha lako. Haikusaidia.

Bibi Mkubwa alizungumza siku mbili, saa saba kwa jumla. Aliomba udongo, akashika donge mapajani muda wote akiongea, lakini hakufinyanga kitu. Vidole vilikuwa vinaanza, halafu anavizuia. Kila alichosema kinazidi kitabu cha Bwana Daftari.

Mhariri alinipa muda, kisha nikapambana naye. Kanuni yao inasema mahojiano ya mdomo hayaingii kwenye orodha ya mwisho, yanatajwa tu katikati ya sentensi na kupita, kwa sababu msomaji hana pa kwenda kuyatafuta. Nikasema nitampa pa kwenda. Nimeikabidhi sauti yake kwenye maktaba ya chuo, ikapewa namba ya rafu. Sasa ni chanzo kama vitabu vingine. Ameingia: jina la baba mbele, jina lake, mwaka, kichwa cha mazungumzo kimelazwa, namba. Nimeikagua nukta kwa nukta mara kumi. Bwana Daftari yumo pia, siwezi kumfuta, ila nimeandika kwamba ukurasa wa 63 ulimpa sifa hiyo mtu mwingine. Sikumtaja mtu huyo.

Picha nimeitoa. Kwenye shukrani palikuwa na mstari, "Kwa Bibi yangu, aliyeniwekea udongo mkononi kabla ya penseli." Nilikaa mbele ya mstari ule asubuhi nzima. Nimeufuta.

Makala yatatoka Novemba. Kwa chuo, Novemba ni kuchelewa, mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nimepata vipindi sekondari. Usijilaumu zaidi ya kiasi chako, Bibi. Kiasi chako kinakutosha.

Mjukuu wako anayekupenda

*

24 Novemba

Mjukuu wangu,

Nimepata kifurushi, nakala mbili, pembe hazikukunjwa. Asante. Watoto wa sekondari wanakusikiliza? Wasipokusikiliza nyamaza uwatazame tu, mimi nilikuwa nakufanyia wewe. Pole ya chuo sitakupa tena kwa barua, nitakupa kwa mdomo ukija.

Nilipeleka nakala ya Dada siku ile ile. Binti yake aliipokea mlangoni kwa mikono miwili. Kutoka ndani Dada akauliza nani. Binti akasema, "Aliyeleta makala, mama." Dada akasema, "Mwambie asante." Mlango ukafungwa, taratibu, bila kubamizwa.

Nilitakiwa kuondoka. Dirisha lilikuwa wazi, na yule binti ana sauti ya mwalimu, na kwa kuwa mama yake naye sasa anaanza kutosikia, alisoma kwa nguvu. Hata masikio yangu yalipata. Nikaegemea ukuta, jua likiniangalia usoni.

Alisoma yote. Udongo, vigae vyeusi, moto. Dada alikuwa akisahihisha mahali fulani fulani, utafikiri yeye ndiye mhariri. Walipomaliza nikasikia kurasa zinafungwa. Dada akasema, "Kuna majina huko mwisho. Soma."

"Mama, hayo ni marejeleo tu. Hayana maana yakisomwa."

"Nimekwambia soma. Wote."

Akasoma. Mmoja mmoja, kwa herufi zao, na miaka yao. Wageni tu, watu wasiojua kumwaga maji kwenye udongo. Nilijua ulivyowapanga kwa alfabeti, jina la baba mbele, kwa hiyo nilijua ni wapi pa kusubiri. Alipofika pale, akasoma jina la baba yetu, kisha la Dada, kisha mwaka na namba ya rafu. Dada akasema, "Rudia." Akarudia. "Tena." Akasoma tena.

Baba alizaa mabinti wawili, Kasuku. Kwa kanuni zako tungefuatana pale, juu na chini, hata karatasi isingepita katikati yetu. Binti akashuka mstari, akasoma anayefuata, na alikuwa mtu mwingine kabisa, jina la kigeni ambalo hata hakuweza kulitamka.

Nilisimama mpaka wakamaliza orodha. Hakuna aliyetoka. Nikarudi nyumbani.

Kazi yako ni safi. Sikuona kosa.

Bibi yako